Ganda Ndilo Shahidi: Kutafuta Chanzo Bunduki Inapogoma Uwanjani

Bunduki ikigoma kwenye uwanja wa shabaha, mwenye nayo kwa kawaida hufanya mambo mawili harakaharaka: anaitikisa, kisha anaikoki upya. Yote mawili yanafuta ushahidi. Ganda, yaani kikombe cha shaba kinachobeba baruti, linarukia majanini na kuchanganyika na mengine mia, risasi mpya inaingia chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi, na kilichotokea kinabaki kuwa hadithi ya mdomo.

Mimi huanza na ganda. Ndilo lililokuwemo ndani ya chemba baruti ilipowaka, na shaba yake ni laini kiasi cha kubeba alama ya kila chuma kilichoigusa. Bunduki inaweza kuonekana nzima huku ganda likisema mengine kabisa. Kwa hiyo katika mwongozo huu kila dalili itaanzia hapo: ganda limetoka vipi, limebaki wapi, lina alama gani.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Ninaposema risasi ninamaanisha kitu kizima kinachoingia chemba. Kichwa ni kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Fataki ni kile kikombe kidogo katikati ya kitako cha ganda, kinachogongwa na pini. Bolti ni kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma.

Na jambo moja halina mjadala. Hitilafu yoyote ikitokea, mdomo wa mtutu unabaki umeelekea kwenye shabaha, kidole kinatoka kwenye triga, na msimamizi wa uwanja anaambiwa. Uchunguzi unakuja baadaye.

Umevuta triga, umesikia "ta", basi

Usifungue bolti. Hesabu sekunde 30 angalau. Viwanja vingi hutaka dakika nzima, na sioni sababu ya kubishana nao. Fataki inaweza kuwa imeshika moto kivivu na baruti ikachelewa kuwaka. Mara nyingi risasi ya namna hiyo huchelewa kwa sehemu tu ya sekunde, lakini ukiwa umefungua bolti katika sehemu hiyo hiyo ya sekunde, mlipuko utakuja usoni kwako. Kama mtutu ulikuwa wa moto sana baada ya kupiga mfululizo, kuna hatari nyingine: joto la chemba lenyewe linaweza kuiwasha risasi iliyokaa humo bila pini kuigusa. Hapo simama mbali na njia ya bolti, mtutu ukiwa umeelekea salama, na msimamizi ndiye aamue.

Muda ukiisha, toa risasi na uangalie fataki yake.

Haina alama kabisa? Pini haijafika. Labda imevunjika ncha, labda bolti haikukoki, labda sefti imeshika nusu. Na mara nyingi kuliko watu wanavyokubali, hakuna hata risasi ya kutoa kwa sababu chemba ilikuwa tupu: magazini haikuingia hadi mwisho, bolti ikapita juu ya risasi bila kuichukua.

Ina alama nene, ya katikati, iliyozama vizuri? Bunduki imefanya kazi yake. Fataki ni mbovu, imeingiwa na mafuta au unyevu, au risasi imekaa vibaya miaka mingi. Weka kando boksi zima. Risasi tatu za hivyo kutoka boksi moja zinatosha kuacha kulitumia.

Alama hafifu, kama mtu aliyegusa kwa ncha ya kalamu, ndiyo yenye kazi. Sababu ya kwanza ni uchafu ndani ya bolti. Grisi ya ghalani iliyogandishwa na miaka, au mafuta mazito siku ya baridi, hupunguza kasi ya pini. Fungua bolti, osha, kausha, paka mafuta kidogo mno. Sababu ya pili ni springi ya pini iliyochoka. Ya tatu inawapata wenye bunduki za bolti ya mkono: mkono wa bolti haukushushwa hadi chini. Ukivuta triga hapo, nguvu ya springi inaliwa na kazi ya kuushusha ule mkono, na kinachobaki hakitoshi kuwasha fataki. Wanaojifunza hufanya kosa hili wanapohimizwa waende haraka.

Kuna pia risasi zilizotengenezwa nyumbani ambazo fataki yake haikusukumwa hadi mwisho wa tundu lake. Pigo la kwanza linaisukuma tu iingie, pigo la pili linaiwasha. Ukiona risasi inayokataa mara ya kwanza na kukubali ya pili, usiilaumu springi kabla hujapitisha kidole kwenye vitako vya zile zilizobaki. Fataki inapaswa kuwa chini kidogo ya uso wa kitako, isijitokeze hata chembe.

Mlio mdogo, teke dogo

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu haitishi. Badala ya mshindo unasikia "pu". Bega halikusukumwa. Shabahani hakuna tundu jipya. Na mkono wa mpigaji, kwa mazoea, unakwenda wenyewe kukoki ili aendelee.

SIMAMA hapo. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama katikati ya mtutu. Fataki peke yake, bila baruti, ina nguvu ya kutosha kukisukuma kichwa kikaingia kwenye mtutu na kukiacha humo. Risasi inayofuata itakikuta, na mtutu utavimba au utapasuka.

Toa ganda, funga zoezi lako, hakikisha chemba ni tupu, kisha chungulia mtutu kutoka nyuma, bolti ikiwa imetolewa. Kama huwezi kuona mwanga, au bunduki yako haichunguliki kwa nyuma, shusha ufito wa kusafishia kutoka mdomoni ukiwa na uhakika chemba ni tupu. Ukigota njiani, mpelekee fundi bunduki. Nimemwona mtu akijaribu kukitoa kichwa kilichokwama kwa kupiga risasi isiyo na kichwa, "iisukume". Alizuiwa kwa kelele, na akakasirika kuzuiwa.

Chanzo karibu kila mara ni risasi isiyokuwa na baruti, au yenye baruti kidogo, au iliyolowa. Ganda lake hueleza: shingo nyeusi kwa masizi hadi mabegani mwa ganda, pale linapoanza kupanuka, kwa sababu shinikizo halikutosha kulibana ganda kwenye ukuta wa chemba, na moshi ukarudi nyuma.

Ganda limekataa kutoka

Ili kuelewa hitilafu hii, fikiria kinachotokea ndani. Baruti ikiwaka, ganda linavimba na kugandamana na ukuta wa chemba, ndiyo maana gesi haivuji. Kichwa kikishatoka mtutuni shinikizo linashuka, na shaba, ambayo ina asili ya kurudi, inanywea kidogo tu. Huo unyweaji mdogo ndio unaoiruhusu ndoano ya bolti kulivuta. Chochote kinachoufuta, ganda linang'ang'ania.

Angalia ukingo wa kitako, pale ndoano inaposhika. Ukingo ukiwa mzima, ndoano ndiyo iliyoteleza: imelika, springi yake imechoka, au masizi yamejaa chini yake ikashindwa kushika sawasawa. Dawa yake ni rahisi. Ukingo ukiwa umechanika au umekunjwa, ndoano ilishika barabara na ikavuta kwa nguvu zake zote. Ganda ndilo lililokwama, na chanzo kiko ndani ya chemba au ndani ya risasi.

Chemba chafu huongoza. Baada yake ni chemba yenye vishimo vya kutu, ambamo shaba inavimba na kuingia kama mizizi. Bunduki za zamani za kijeshi zinasumbuliwa sana na hili kwa sababu fataki za zamani ziliacha chumvi, na chumvi haiyeyuki katika mafuta. Unaweza kupaka mafuta ya bei ya dhahabu, kutu ikaja vilevile chini yake. Chumvi inataka maji, ya moto kama yapo, kisha kukausha, ndipo mafuta.

Sababu inayosahaulika ni baruti yenyewe. Bunduki ya M16 ilipopelekwa kwa wanajeshi wa Marekani nchini Vietnam katikati ya miaka ya 1960, ilipata sifa mbaya ya maganda kukwama chemba, na askari waliuawa wakiwa wanahangaika na ufito wa kusafishia. Bunduki ilikuwa imesanifiwa kwa baruti ya aina moja, jeshi likabadilisha na kutumia aina nyingine iliyoongeza kasi ya bolti na kuacha uchafu zaidi. Chemba haikuwa na utandu wa kromi, na wengi hawakupewa vifaa vya kusafishia. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani ililichunguza suala hilo mwaka 1967. Dawa ilikuwa chemba ya kromi, vifaa na mafunzo ya usafi, na marekebisho ya kasi ya bolti. Ninakumbusha haya kwa sababu mtu akibadilisha aina ya risasi na hitilafu ikaanza siku hiyo hiyo, bado utamsikia akisema bunduki yake "imechoka".

Ganda likikwama, usipige mkono wa bolti kwa nyundo. Kama ni ganda tupu kwa hakika, ufito kutoka mdomoni, kwa kugonga polepole, hulitoa. Kama ndani ni risasi nzima ambayo haijalipuka, usipitishe ufito wowote mbele yake. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kwa bunduki zinazojikoki kwa gesi, tazama pia maganda yanaangukia wapi. Yakianza kurushwa mbele kwa nguvu kuliko yalivyozoea, gesi imezidi, na bolti inafunguka mapema wakati ganda bado limebana. Yakianza kudondoka karibu, legelege, au mojawapo likasimama limebanwa mlangoni kama bomba la jiko, gesi haitoshi: bomba linavuja, pistoni imejaa masizi, risasi ni dhaifu, au mafuta yamekuwa mazito kwa baridi. Bunduki ya hivyo hulitupa ganda lakini bolti haiendi nyuma kiasi cha kuchukua risasi inayofuata, na mwenyewe anadhani ana tatizo la magazini.

Risasi haiingii, au bolti haifungi

Magazini ndiyo mshukiwa wa kwanza, na kesi yake haichukui dakika mbili. Weka namba kwa rangi kwenye kila magazini uliyo nayo. Hitilafu ikifuata namba moja, umeshapata jibu: midomo imepinda au springi imelegea. Ikitokea kwenye zote, rudi kwenye bunduki. Na kila ukiisukuma magazini iingie, ivute kidogo uone kama imeshika.

Bolti isiyofunga ni suala zito zaidi. Usiilazimishe kwa kiganja. Toa risasi uiangalie: imebonyea, kichwa kimetoka nje kuliko wenzake, ganda lilirudiwa kujazwa bila kurudishwa kwenye kipimo chake. Kama risasi ni njema na nyingine nayo imekataa, chunguza chemba. Inawezekana ganda lililotangulia lilikatika, kitako kikatoka na nusu ya mbele ikabaki imekaa humo kama bomba ndani ya bomba.

Kukatika huko hutangulia na onyo. Ganda linalonyooshwa kupita kiasi hupata mstari mwembamba unaong'aa, unaolizunguka juu kidogo ya kitako. Nyoosha kibanio cha karatasi, kunja ncha yake iwe kama kucha, ipitishe ndani ya ganda kutoka shingoni. Ukihisi mfereji pale penye mstari, ganda lile limekwisha. Ama limejazwa upya mara nyingi mno, ama nafasi kati ya uso wa bolti na chemba imezidi. Nafasi hiyo ina vipimo vyake vya chuma na haikisiwi kwa macho. Kwa kaliba ya .308 (jina linatokana na upana wa kichwa kwa inchi), kipimo ambacho bolti lazima ikifunge ni milimita 41.40, ambacho haipaswi kukifunga ni 41.50, na ikifunga juu ya kile cha 41.61 bunduki inaondolewa kazini. Tofauti yote hiyo ni unene wa karatasi mbili tatu.

Imelia yenyewe

Kama ililia bolti ilipofungwa na kidole hakikuwepo, chunguza mambo mawili. La kwanza ni pini inayoelea bila springi ya kuirudisha. SKS nyingi, zile bunduki za kijeshi za Kisovieti zinazojikoki, ziko hivyo. Zilihifadhiwa maghalani zikiwa zimepakwa grisi nzito, na grisi hiyo ikibaki ndani ya bolti pini hunata ikiwa imejitokeza mbele, kisha kila risasi inayoingia inajigonga yenyewe. Bunduki ya hivyo inaweza kumwaga magazini nzima bila kusimama. Alama ndogo, hafifu, kwenye fataki ya risasi iliyoingizwa chemba na kutolewa bila kupigwa ni ya kawaida kwa bunduki za aina hii. Ikianza kuwa nzito kuliko ulivyozoea, fungua bolti.

La pili ni triga iliyolegezwa kupita kiasi na mtu aliyetaka iwe laini. Hakikisha bunduki ni tupu, angalia mara mbili, elekeza mtutu pahali salama, kisha funga bolti kwa nguvu mara kadhaa. Washa na uzime sefti bila kugusa triga. Gonga kitako cha bunduki kwa kiganja. Pini ikiachia hata mara moja, zoezi limekwisha.

Dalili za shinikizo kupita kiasi

Kikomo cha shinikizo kwa risasi ya .223 ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 55,000, na kwa .308 ni 62,000. Tairi la gari dogo lina kama 32. Yaani kila unapovuta triga, mbele ya pua yako kuna karibu mara 2,000 ya kilichomo tairini, na kinachokutenganisha nacho ni bolti na ganda.

Fataki iliyobapa peke yake si ushahidi. Fataki nyingine ni laini tu. Tafuta dalili zikikaa pamoja: fataki imebapa na imejaza tundu lake lote, alama ya pini ina kingo zilizoinuka kama shimo la volkano, kitakoni kuna doa linalong'aa pale shaba ilipobanwa kwenye kitundu cha uso wa bolti, na mkono wa bolti umekuwa mzito kuinua. Hilo la mwisho ukilihisi, acha kupiga.

Fataki ikitoboka, gesi inarudi nyuma kupitia tundu la pini. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1898 ilikuwa na matundu kwenye bolti ya kuielekeza gesi hiyo pembeni, na ukingo mpana nyuma ya bolti wa kuikinga isifike usoni. Bunduki nyingi zilizofuata zimeiga wazo hilo, lakini si zote. Miwani ya kinga ni kwa ajili ya dakika hiyo.

Sababu? Boksi lililoachwa juani. Baruti iliyozidi. Ganda ambalo shingo yake imerefuka kwa kujazwa upya mara nyingi bila kukatwa, ikabana kichwa kisitoke kirahisi. Mafuta yaliyobaki chemba, yanayolifanya ganda liteleze na kuipiga bolti badala ya kushika ukuta.

Imepasuka

Kwanza watu: macho, mikono, damu. Kisha hakuna anayeokota kitu. Piga picha vipande vilipo. Boksi la risasi linafungwa na kuwekwa pamoja na maganda yaliyopigwa kabla. Risasi zilizobaki haziendi kwenye bunduki nyingine "kujaribu".

Mahali palipopasuka ndipo pa kuanzia. Mtutu ukiwa umevimba kama pete au umechanika mbele ya chemba, kulikuwa na kizuizi: kichwa kilichokwama, tope, kipande cha kitambaa cha kusafishia, hata ufito wenyewe. Chemba na mtutu vikiwa vizima lakini kitako cha ganda kimelipuka na gesi imetokea kwenye magazini, bolti haikuwa imefunga sawasawa au ganda lilikuwa dhaifu. Chemba ikiwa imefunguka, na shaba imetiririka ikajaa kwenye uso wa bolti kama iliyoyeyushwa, shinikizo lilikuwa kubwa kupita kiasi chochote kinachokubalika.

Hilo la tatu lina vyanzo viwili vinavyojirudia. Kimoja ni risasi isiyo ya bunduki ile. Mfano unaoogopwa zaidi ni .300 Blackout ndani ya bunduki ya .223 au 5.56. Ganda lake limetokana na lile lile la .223, lililofupishwa hadi milimita 35, kwa hiyo linakaa vizuri kwenye magazini ile ile, na baadhi ya risasi zake huingia chemba na bolti ikafunga. Kisha kichwa cha upana wa milimita 7.8 kinatakiwa kupita kwenye mtutu wa 5.6. Ganda, kama limepona, hujulikana kwa ufupi wake na kwa maandishi ya kitakoni. Mwenye bunduki za kaliba hizo mbili asiziweke kwenye meza moja, na magazini zake ziwe za rangi tofauti.

Chanzo cha pili ni baruti ya bastola ndani ya ganda la raifo, yaani bunduki ndefu. Huwaka haraka mno, na huchukua nafasi ndogo, hata ikimwagwa mara mbili ganda halifuriki na jicho halioni. Zing'oe vichwa zile risasi zilizobaki kwenye boksi, pima baruti ya kila moja kwa mizani, uiangalie rangi na umbo la chembe zake. Moja yenye baruti pungufu inatia shaka kama ile iliyozidi, kwa sababu baruti iliyokosekana humo ilikwenda mahali fulani.

Mwisho, tazama chuma pale kilipovunjika. Mpasuko wa siku hiyo ni wa kijivu kinachong'aa. Ukikuta sehemu yake ni nyeusi, imeshika kutu au masizi, ufa ulikuwepo kabla, na risasi ya leo imemalizia tu. Chuma chenyewe pia huwa na historia. Springfield M1903, bunduki za jeshi la Marekani, zilizotengenezwa kiwanda cha Springfield Armory kabla ya namba ya utambulisho 800,000 zilichomwa tanurini na mafundi waliokisia joto kwa rangi ya chuma. Siku ya jua kali chuma kilionekana kimefifia kuliko kilivyo, kikaongezewa moto, na baadhi kikatoka kigumu kama kioo. Ukiiona namba ya namna hiyo kwenye bunduki iliyorithiwa, itundike ukutani.